Waliochora Sura ya Dar es Salaam

Mtu akifika Dar es Salaam hutazama watu, magari na bidhaa, akarudi kijijini na habari za bei tu. Ni wachache wanaoinua macho wakauliza: jengo hili, nani alilifikiri kwanza kichwani mwake kabla ya fundi kushika mwiko?

Kando ya bandari liko Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Ni zuri, hakuna anayebisha. Lakini mnara wake na madirisha yake marefu yaliyochongoka ni mtindo wa nchi za baridi. Wale mapadri walijenga kama walivyoona kwao, nasi tumelipenda hivyo hivyo.

Baadaye walitokea watu waliozijua jua na mvua zetu. Mmoja ni Anthony Almeida, Mgoa aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921. Alisomea uchoraji wa majumba huko Bombay, akarudi mwaka 1948, akafanya kazi mpaka uzeeni. Shule ya Mtakatifu Xavier kule Chang'ombe ni kazi yake, na kanisa linalotumiwa na Wakristo wa madhehebu mbalimbali katika Chuo Kikuu ni lake pia. Alipenda mistari iliyonyooka, kivuli, na upepo upite wenyewe. Alifariki mwaka 2019.

Lakini leo nataka hasa kumtaja Beda Amuli, Mtanzania mweusi wa kwanza kufuzu kazi hii ya usanifu wa majengo. Alisoma Haifa, nchini Israeli, akarudi nyumbani, na huyo ndiye aliyechora Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. (Jina Kariakoo nalo lina kisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliwekwa pale, na vinywa vya watu vikaligeuza neno.)

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikwenda kule na mjomba wangu, aliyepeleka machungwa. Mvua kubwa ikatukuta ndani. Mjomba, ambaye hajui kusoma ramani ila anajua kuezeka, akatazama juu muda mrefu.

"Mjomba," akaniambia, "paa hili limepinduliwa. Maji yanaingia katikati badala ya kumwagika pembeni. Yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, nami ndiye msomi! Baadaye nilielewa. Paa lile ni la zege, limefanyizwa kama miavuli mingi iliyogeuzwa juu chini, kila mwavuli na nguzo yake. Maji hukusanyika katikati, hushuka na nguzo, hupelekwa kwenye matangi. Kati ya miavuli hewa moto hupata njia ya kutokea. Chini watu wanauza kama walio chini ya miti mikubwa, na chini zaidi, pale wanapopaita shimoni, kuna soko jingine.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Mali za watu wengi ziliteketea, wengine wakiwa bado na deni la mali hiyo. Hata hivyo jengo la Amuli halikubomolewa. Uliamuliwa ukarabati, na jengo jipya la ghorofa kujengwa karibu yake. Mwenyewe hakuona moto ule, maana alifariki mwaka 2016.

Kwa nini nawaeleza haya ninyi mlio mbali na mji? Kwa sababu hapa kwetu tumechanga fedha za ukumbi, na ramani iliyoletwa ina madirisha makubwa ya vioo upande wa magharibi, jua la saa kumi lituchome vizuri, na haina hata mfereji mmoja wa maji ya mvua. Wazee wawili walisema ni ramani ya kisasa. Mama mmoja, ambaye huamka saa kumi ya usiku kwenda kisimani, hakusema neno.

Nilichukua kalamu. Bati la mita 20 kwa mita 8, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hutiririsha lita 1,600. Hizo ni ndoo 80 za lita 20. Hata tukipoteza ndoo kumi na tano njiani, zinabaki ndoo 65 kwa mvua moja.

Niliisoma hesabu hiyo mbele ya kamati. Mwenyekiti akaomba irudiwe, polepole. Yule mama akauliza tangi litakaa upande gani. Mpaka tunaachana jioni ile vioo vilikuwa vimeondolewa upande wa magharibi, na fundi ameagizwa alete bei ya mifereji Jumapili ijayo.