Jaketi Lichaguliwe na Mwenye Kulivaa



Chama kikidai mshahara, kila mtu huelewa. Kikidai vazi la kazi, wako wanaocheka na kusema kuwa tumekosa la kusema. Basi na waje Eliye Springs, kilomita zipatazo 60 kutoka Lodwar, wakae chini ya mikoche alfajiri wakiwangoja wavuvi. Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 240, na upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, saa zile zile ambazo wavuvi wako kazini. Mtumbwi ukipinduka, kujua kuogelea peke yake hakutoshi. Mtu huchoka, na akizimia huzama. Kinachoweza kumweka juu mpaka wenzake wamfikie ni jaketi la kuokoa maisha.

Neno letu ni hili: haitoshi jaketi liwepo. Lazima liwe linalofaa, na mwenye kulivaa awe na sauti katika kulichagua.

Tuchukue mfano wa mbali. Huko Marekani, mwamuzi wa mchezo wa besiboli husimama nyuma ya mdakaji, na mpira mgumu huja upande wake kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 150 kwa saa. Kwa hiyo huvaa kinyago usoni, ngao kifuani na kinga za miguu. Kwa miaka mingi waamuzi wa American League walishika mbele yao ngao nene kama godoro. Iliwakinga vizuri, lakini iliwazuia kuinama na kuuona vyema mpira wa chini. Wenzao wa National League walivaa ngao ndogo ndani ya koti. Mwaka 1977 American League nayo iliamuru kila mwamuzi mpya avae ile ya ndani. Fundisho ni kwamba kinga njema humlinda mtu na pia humwacha afanye kazi yake. Ikimzuia kazi, ataivua.

Ziwani ni vivyo hivyo. Kabla fedha hazijatolewa, tazameni mambo haya:

1. NGUVU YA KUELEA. Hupimwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni karibu sawa na kuinua kilo moja. Jaketi la nyutoni 50 ni msaada tu kwa ajuaye kuogelea, karibu na ufuo. Halikuundwa kumgeuza aliyezimia. La 100 limeundwa kumgeuza uso uelekee juu, lakini katika maji yaliyotulia. Kwa mawimbi takeni la 150. Lisiloandikwa namba liachwe dukani.

2. KIPIMO. Livae, funga kamba zote, inua mikono, na mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Kisha fanya kama unavuta wavu. Likikubana, utalivua, na jaketi lililovuliwa ni mzigo tu chomboni.

3. SPONJI AU GESI. La gesi ni jepesi na halina joto jingi, lakini ndoana huweza kulitoboa, na mtungi wake hubadilishwa kila likishatumika. Pasipopatikana mitungi, sponji ni afadhali.

4. RANGI NA MATUNZO. Liwe la rangi ya chungwa, lenye filimbi na utepe wa kung'aa. Lisikaliwe kama mto, maana sponji iliyogandamizwa hupoteza nguvu. Likaushwe kivulini.

Sasa, nani alipe? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi wake mavazi ya kinga yanayofaa. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Tajiri wa mtumbwi atajibu: "Hawa sikuwaajiri, tunagawana samaki." Nasi tunamwambia: mtumbwi ni wako, injini ni yako, wavu ni wako. Basi majaketi nayo yahesabiwe kuwa vifaa vya chombo, yasikatwe katika fungu la mvuvi. Wavu ukichanika unanunua mwingine. Mtu akizama, utamnunua wapi?

Wale wasio na tajiri, wanaovua kwa vyombo vyao wenyewe, wapeleke jambo hili kwa kamati ya ufuo, yaani BMU, wanunue kwa pamoja. Wanunuzi ishirini husikilizwa dukani kuliko mmoja.

Na sisi wenyewe tujisahihishe. Wako vijana wanaoona kuvaa jaketi ni woga, na wazee wanaosema joto la Turkana haliruhusu. Joto ni kweli, ndiyo sababu tunataka lijaribiwe na wavuvi kazini kabla ya kununuliwa mengi. Lakini yule mwamuzi haitwi mwoga kwa kuvaa kinyago.

Kwa hiyo tunadai: kila aingiaye chomboni awe na jaketi lake, wavuvi wenyewe walijaribu majini kabla halijanunuliwa, na chombo kisichotimiza kisiondoke ufuoni. Wanachama, simameni pamoja katika neno hili. Anayekataa peke yake huachwa nchi kavu, na mwingine huchukua nafasi yake. Tukikataa wote, mtumbwi hauondoki.

UMOJA NI NGUVU.