Basi la gesi tunalitaka, mkataba wake tuuone

NDUGU msomaji, huenda gazeti hili unalisoma ukiwa umebanwa mlangoni mwa daladala, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika ukurasa huu, na mbele yenu kuna lori linalotema moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Moshi huo unaingia dirishani, unakaa kwenye kola ya shati lako, kisha unateremka kifuani. Ukifika Kariakoo ukapenga kamasi, leso inatoka nyeusi. Umezoea. Sisi tunasema usizoee.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitamka wazi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Hiyo si porojo ya wapinzani, ni kauli ya wataalamu. Na jiji hili, ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 5, limeendeshwa kwa moshi huo miaka nenda miaka rudi, toka enzi za mabasi ya UDA na yale marefu ya Ikarus tuliyoyaita kumbakumba, hadi DCM na Coaster za leo.

Kwa hiyo mabasi ya mwendokasi yanayotumia gesi asilia yalipoanza kushushwa bandarini Agosti 2025 kwa ajili ya njia ya Mbagala, gazeti hili halikununa. Jambo jema ni jema hata likitendwa na mtu usiyempigia kura. Nchi hii haichimbi hata tone moja la mafuta. Kila lita ya dizeli inayochomwa kwenye foleni ya Tazara inanunuliwa ng'ambo kwa dola. Gesi tunayo wenyewe. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likazinduliwa mwaka 2015. Basi linalotumia gesi halitoi ule moshi mweusi wa masizi. Gesi nayo huongeza joto la dunia, hasa ikivuja kabla ya kuungua, lakini kwa mapafu ya mtu aliyesimama kituoni Rangi Tatu tangu alfajiri, tofauti inaonekana.

Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zimetosha. Sasa tuulize maswali.

Kumbuka, msomaji, tulikotoka. Mei 2016 mwendokasi ulianza kati ya Kimara na Kivukoni kwa mabasi 140 mapya ya kung'aa, barabara ikiwa imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao utalipwa na wewe na mwanao. Nauli ilikuwa shilingi 650. Tulipanda, tukafurahi, tukafika Posta kabla jasho halijakauka. Kisha nini kilitokea? Karakana iliwekwa Jangwani, bonde ambalo hata mtoto wa Magomeni anajua kwamba maji ya Msimbazi yana hati yake. Mafuriko yakaja, mabasi yakalowa na kuharibika. Mwaka 2018 mengine 70 yaliletwa, yakakwama bandarini kwa mvutano wa kodi, huku abiria wakiingilia madirishani. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 hasira za abiria wa njia ya Kimara zilimwagika barabarani, na sehemu ya mabasi ya gesi yaliyokusudiwa watu wa Mbagala ikahamishiwa huko kuziba pengo.

Sasa tujibiwe: mabasi yale ya kwanza yaliuawa na dizeli? Hapana. Yaliuawa na uzembe, ukosefu wa vipuri, karakana iliyojengwa mahali pasipofaa na mikataba ambayo mwananchi hakuonyeshwa. Ugonjwa ukiwa ni huo, kubadilisha mafuta peke yake ni sawa na kumvika marehemu suti mpya. Basi la gesi lisilo na vipuri litalala juu ya mawe vilevile kama la dizeli, ila litalala likiwa safi.

Ndiyo maana tunasema, usafi wa injini uanzie kwenye mkataba. Gesi ya mabasi hayo inauzwa kwa bei gani, na nani anapanga? Mwendeshaji akishindwa kuweka barabarani idadi ya mabasi aliyoahidi, anatozwa faini gani, na faini hiyo inaingia mfuko gani? Bei ya gesi ikibaki chini ya dizeli, je, nafuu hiyo itamfikia anayelipa nauli au itaishia njiani? Haya si maswali ya uchochezi. Ni maswali ya mwenye mali. Watu wa Mtwara waliuliza maswali ya jinsi hiyo mwaka 2013, kwamba gesi inaondoka nasi tunabaki na nini, wakajibiwa kwa mabomu ya machozi, na watu wakapoteza maisha. Gesi inayosukuma basi la Mbagala imepita juu ya historia hiyo. Haifai kugeuzwa ulaji wa wachache.

Tuje kwenye jambo ambalo vigogo hawaligusi kabisa, nalo ni daladala. Mwendokasi una njia chache. Mkazi wa Kivule, Chanika, Goba au Kigogo hapandi mwendokasi, anapanda daladala. Ukisafisha mabasi ya barabara kuu tu ukaacha maelfu ya Coaster zikifuka, umefagia sebule na kuacha jiko.

Kwa nini daladala hazihamii kwenye gesi wakati bajaji na teksi zimehama? Tumeona foleni za bajaji na magari madogo kwenye vituo vya gesi mwaka 2023 na 2024, watu wakisubiri kwa saa nyingi. Hawakulazimishwa na mkuu wa mkoa. Walipiga hesabu, wakaona kilo ya gesi inauzwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli na inakwenda mbali zaidi.

Sababu ya kwanza ni ya ufundi. Gari la petroli lina plagi, na gesi huwashwa kwa cheche za plagi hizohizo. Fundi anafunga mtungi na mfumo wake, gari linaondoka. Coaster na DCM nyingi ni za dizeli, hazina plagi. Ama uifumue injini na kuibadili, ama uiache ichome dizeli na gesi kwa pamoja. Kazi hiyo ni kubwa na gharama yake ni kubwa.

Sababu ya pili wewe dereva na wewe konda mnaijua kuliko waziri yeyote. Gari ni la tajiri. Dereva anampelekea tajiri hesabu kila jioni, na mafuta anayanunua dereva kutoka kwenye kinachobaki. Gesi ikiwa rahisi, anayepata nafuu ni dereva. Lakini anayetakiwa kutoa mamilioni ya kubadili injini ni tajiri. Atoe fedha ili nani afaidi? Na akitoa, siku ya pili atapandisha hesabu. Hapo ndipo mambo yanapokwama, na hakuna semina ya hoteli ya kitalii itakayoyakwamua. Panahitajika mkopo nafuu ambao marejesho yake yanatoka kwenye akiba ya mafuta yenyewe, kidogokidogo, kwa kila kilo inayojazwa, ili tajiri asitoe mtaji mkubwa na dereva asinyongwe na hesabu.

Mtasema hizo ni ndoto. Tazameni jirani. Nairobi, tangu mwaka 2022, kampuni ya BasiGo imekuwa ikiwapa wenye matatu mabasi ya umeme kwa mpango ambao mwenye basi halipii bei yote ya betri kwa mkupuo, analipia kadiri ya kilomita anazotembea. Kigali nako mpango huo umefika. Waganda wana kiwanda cha mabasi ya umeme Jinja. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sisi je? Tumejenga bwawa la Mwalimu Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Ikiwa umeme unaweza kupeleka wabunge Dodoma, unashindwaje kumpeleka mama ntilie kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo?

Hatusemi gesi itupwe. Tunasema gesi iwe daraja, isiwe kituo cha mwisho. Mabasi mapya yanayoagizwa kwa ajili ya Gongo la Mboto na Tegeta yapimwe pande zote mbili, gesi na umeme, hesabu ziwekwe mezani, na wananchi waone kwa nini kimechaguliwa hiki kikaachwa kile.

Basi msimamo wetu ni huu. Kwanza, mikataba ya uendeshaji wa mwendokasi na ya kuuziwa gesi ichapishwe, kwa Kiswahili, mtu wa Mbagala aisome. Pili, vituo vya gesi vijengwe pale daladala zinapolala na kugeuzia, si kwenye barabara kuu za maonyesho tu. Na viwe na umeme wa uhakika, kwa maana gesi hushindiliwa mitunginini kwa mgandamizo wa zaidi ya mara 200 ya hewa tunayovuta, na Tanesco ikikata, mashine inasimama. Tatu, mkopo wa kubadili injini utolewe kwa utaratibu tulioueleza. Nne, kazi ziende kwa vijana wa hapa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam imekwisha kuonyesha kwamba mikono ya Kitanzania inafunga mifumo ya gesi. VETA ifundishe maelfu. Na kila daladala inapoondolewa barabarani kupisha mwendokasi, dereva na konda wake wawe wa kwanza kwenye orodha ya ajira. Deiwaka naye ana watoto.

Mwisho, neno kwako wewe kijana, na hili tunakuambia kwa sababu tunakupenda. Tunajua una hasira. Katika machafuko yaliyoanza Oktoba 29, 2025 vituo vya mwendokasi viliteketezwa. Hatutakudanganya kwamba hasira ile ilishuka kutoka mbinguni, ilikuwa na chanzo. Lakini kesho yake nani alitembea kwa miguu? Kigogo ana gari lenye vioo vyeusi na ving'ora mbele. Aliyetembea ni mama yako na mdogo wako anayewahi shule. Basi likiungua, mkopo wake hauungui, unabaki pale pale ukikusubiri wewe.

Silaha yako ni swali. Liulize kwa diwani wako, mbunge wako, mkurugenzi wa mradi. Uliza kituoni, uliza kijiweni, uliza mbele ya mkutano wa hadhara: mkataba uko wapi? Wakikwambia ni siri, waambie nauli unayolipa si siri, deni utakalorithi si siri, na moshi uliovuta miaka yote hii haukuwa siri.

Basi la gesi tunalitaka. La umeme tunalitaka zaidi. Lakini tumechoka kupanda magari ambayo hatujui nani kayanunua, kwa bei gani na kwa faida ya nani. Mwenye masikio na asikie.