Mama wa watoto wanne aliyesimamia satelaiti ya Malindi

Msimu wa mpunga unapoanza katika Bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huhamia kwenye vibanda vya mashambani kwa wiki au miezi. Hapo ndipo mzazi huamua nani aende shamba na nani abaki nyumbani na wadogo zake. Mara nyingi anayebaki kupika, kuchota maji na kulea ni binti, hata kama yuko sekondari. Alama zake za fizikia na hesabu zikishuka, hakosekani mtu wa kusema hayo ni masomo ya wavulana.

Historia ya Marjorie Townsend inaonyesha vingine. Mmarekani huyo alizaliwa mwaka 1930, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 15 tu. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Aliolewa, akazaa watoto wanne wa kiume, na kazi hakuiacha.

Mwaka 1959 aliajiriwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA. Huko alishiriki kazi za TIROS, satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa, iliyorushwa mwaka 1960. Utabiri wa mvua ambao mkulima wa Kilombero anausikia leo redioni unategemea kwa sehemu satelaiti za aina hiyo.

Baadaye alikabidhiwa mradi wa satelaiti ndogo za kuchunguza nyota, na kazi hiyo ikamleta Afrika Mashariki. Karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano wakiongozwa na mhandisi Profesa Luigi Broglio walikuwa wameweka jukwaa la chuma baharini kwa ajili ya kurushia roketi. Hawakuchagua pwani hiyo kwa uzuri wake. Dunia inapojizungusha, sehemu zilizo karibu na ikweta huenda kwa kasi zaidi, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa ziada bila gharama.

Satelaiti ya kwanza ya mradi wake iliruka kutoka hapo Desemba 12, 1970, siku ambayo Wakenya walikuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru. Townsend akaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na ilibaini vyanzo zaidi ya 300 vya mionzi hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Satelaiti nyingine mbili za mradi huo zilirushwa kutoka Malindi mwaka 1972 na 1975.

Townsend alikuwa na kipaji, lakini pia alipata nafasi ya kusoma. Kipaji cha binti anayeingia darasani amechoka, au anayekosa vipindi wiki nzima kila msimu, hakitaonekana hata kwa mwalimu hodari. Hesabu hujengwa hatua kwa hatua. Aliyekosa somo la Jumatatu hataelewa la Alhamisi.

Kwa hiyo mpango wa msimu upangwe kabla familia haijahama. Bibi au shangazi aombwe kukaa na watoto. Kazi za nyumbani zigawanywe, na kaka naye achote maji. Mzazi mmoja afike shuleni amuulize mwalimu wa hesabu mahali binti anapokwama, mapema kabla ya matokeo. Na kabla binti hajaacha fizikia, aelezwe mlango anaoufunga: mchepuo wa PCM Kidato cha Tano humfikisha kwenye uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au uhandisi wa matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT. Mwenye sifa lakini hana ada anaweza kuomba mkopo wa elimu ya juu.

Shamba litalimwa tena mwakani. Kidato cha Pili, kwa kawaida, binti hukisoma mara moja.