Redio ya Ridhaa: Sikiliza Kwanza, Pata Leseni, Ndipo Useme

Ukurasa huu umezoea kukaa chini: bustani za mboga, mabanda ya kuku, cherehani na meko ya mkaa. Leo tupande juu ya paa, tutazame waya.

Katika ndondi twasema mabondia wa ridhaa, yaani wale wasiopigania mshahara. Redio nayo ina watu wake wa ridhaa. Ni raia wa kawaida, makarani, mafundi, walimu, wauguzi na wastaafu, ambao wamefanya mtihani, wakapewa leseni na serikali zao, na kwa leseni hiyo wana haki ya kumiliki mtambo wa kurushia mawimbi na kuzungumza na wenzao duniani kote. Hawaruhusiwi kupata hata senti moja kwa kazi hiyo. Faida yao ni kujifunza, na kujua watu.

Najua swali linalokujia mara moja. Simu i mfukoni, mtandao upo, kwa nini mtu ahangaike na waya? Jibu ni kwamba simu yako haifiki popote peke yake. Yategemea mnara, na mnara wategemea umeme, nyaya za chini na kampuni yenye kuuendesha. Redio ya ridhaa haina mtu wa kati. Wimbi hutoka katika waya wako, hupanda hadi tabaka la anga liitwalo ionosfera, ambalo jua limelitia umeme, kisha hurudishwa chini maelfu ya kilomita mbali. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipoipiga Bahari ya Hindi, simu zilikatika katika visiwa vya Andaman. Ikawa bahati kwamba siku hizo kundi dogo la watu wa ridhaa kutoka India, likiongozwa na mwanamke, Bharathi Prasad, lilikuwa Port Blair kwa starehe zao tu za redio. Mtambo waliokuja nao kwa kuchezea ndio uliopeleka habari bara za nani yu hai. Hakuna aliyewaandaa kwa kazi hiyo ila mazoea yao wenyewe.

Hapa yafaa nieleze asili, kwa kuwa ni kisa kitamu. Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya redio, na watu wa ridhaa wakasukumwa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 na mafupi zaidi. Wakubwa wa wakati ule waliamini kwamba mawimbi mafupi hayafiki mbali. Kwa hiyo ilikuwa kama kumpa mtu shamba la mawe. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alipelekwa Ardrossan, Scotland, akakaa hemani katika baridi na mvua akisikiliza, na akavisikia vituo vya ridhaa vya kwao ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy wa Ufaransa na Fred Schnell wa Marekani wakajibizana kwa wimbi la mita 110 hivi. Kumbe shamba la mawe lilikuwa na dhahabu. Muda si muda serikali na mashirika ya utangazaji yakakimbilia huko huko. Mzee wako aliyekuwa akiitega Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, katika masafa mafupi, alikuwa akila matunda ya mti ambao watu wa ridhaa waliugundua.

Sasa tuje kwako. Usinunue mtambo wa kurushia. Narudia: usinunue, si leo. Anza na kusikiliza. Kusikiliza hufundisha adabu ya hewani kuliko kitabu chochote. Redio ya kawaida ya masafa mafupi haitoshi, kwa sababu watu wa ridhaa hurusha sauti kwa namna ya kubana nguvu, na katika redio ya kawaida sauti hiyo husikika kama bata mwenye mafua. Tafuta iliyo na swichi yenye herufi SSB. Kama kipato hakiruhusu, Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi ambacho mtu yeyote aweza kukiendesha kwa mtandao bila malipo, hata kwa simu. Lakini kipokezi hicho husikia ya Uholanzi. Siyo ya Mbagala wala Eastleigh. Ladha ya kweli ni kusikia kwa waya wako mwenyewe.

Tega kati ya megahezi 14.000 na 14.350 alasiri na jioni, na kati ya 7.000 na 7.200 giza likishaingia. Utasikia Waitalia, Warusi, Wahindi na Wajapani. Siku nyingine hutasikia kitu, maana jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi wa kuchangamka na kupoa, na ionosfera humfuata jua kama mtumishi. Mpe kusikiliza miezi miwili. Kama mwisho wa miezi hiyo umechoka, umepoteza kidogo tu, na redio itabaki ya taarifa ya habari.

Kama hukuchoka, tafuta leseni. Kwa Tanzania mlango ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa Kenya ni Communications Authority. Nenda ofisini, uliza fomu, ada na sharti la sifa za mwombaji, kwa kuwa mambo hayo hubadilishwa mara kwa mara na si vema kuyachukua kwa uvumi wa barazani. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umependekeza mambo ambayo mwombaji popote duniani anapaswa kuyajua: sheria, namna za kuwasiliana, nadharia ya umeme na redio, usalama, na jinsi ya kuepuka kuwaingilia wengine. Kuanzia mwaka 2003 nchi haikulazimishwa tena na kanuni za dunia kumtahini mtu alfabeti ya Morse, ijapokuwa wengi huipenda bado.

Ili uone kwamba mtihani si mlima, chukua mfano wa Marekani. Daraja la kwanza lina maswali 35, na anayepata 26 amefaulu. Maswali yote, pamoja na majibu yake, hutangazwa hadharani kabla, wala hawaulizi uraia wa mtahiniwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye bidii aweza kuyamaliza kwa likizo moja. Hata hivyo leseni ya kigeni haikupi ruhusa ya kurusha ukiwa Ilala. Ruhusa ya Ilala hutoka Tanzania.

Ukifaulu hupewa alama ya wito, nayo ndiyo jina lako hewani. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Burundi 9U, za Rwanda 9X. Kabla ya uhuru Tanganyika ilikuwa VQ3 na Unguja VQ1, herufi za mkoloni. Hata katika hewa bendera ilibadilishwa. Alama hiyo haina cheo. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa JY1, na aliyemsikia akiita alimjibu kama anavyomjibu fundi baiskeli.

Hapa pana jambo zito, wazazi nisikilizeni. Madukani zipo redio ndogo za mkononi, za bei nafuu, zenye nguvu ya wati tano hivi. Kijana huinunua, akabonyeza namba, akaona inakwenda popote. Ndiyo, inakwenda, na hiyo ndiyo hatari. Masafa ya ridhaa kwa redio hizo katika kanda yetu ni megahezi 144 hadi 146. Lakini nyingi huruka kutoka 136 hadi 174, na katikati humo wamo watu wenye kazi zao. Megahezi 156.8 ni mlango namba 16 wa baharini, ambako chombo kinachozama huita msaada. Kijana anayeimba humo kwa mzaha, juu ya paa la Kigamboni au Likoni, aweza kuifunika sauti ya nahodha ambaye maji yamekwisha kuingia ndani. Hatamsikia, wala hatajua alichokifanya. Ndiyo maana serikali hudai leseni, na ndiyo maana kurusha bila leseni ni kosa la jinai, si utundu wa kitoto. Redio hiyo ikiwa imo nyumbani kwako na hakuna mwenye leseni, itie kabatini, ufunge.

Hata mwenye leseni amewekewa mipaka. Hafanyi biashara. Hazungumzi kwa mafumbo ya kuficha maana. Habebi ujumbe wa watu wengine kati ya nchi na nchi, isipokuwa wakati wa maafa. Hutaja alama yake kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo usimfikirie mtu huyu kuwa jasusi, jirani. Jasusi gani hujitaja jina kila dakika chache?

Antena ndiyo furaha yangu, nivumilieni. Si lazima inunuliwe. Gawanya 143 kwa masafa yako katika megahezi, upate urefu wa waya kwa mita. Kwa 7.1 utapata mita 20 na kidogo, kwa 14.2 mita 10. Ukate waya katikati, kila upande ufungwe kwenye uzi wa kebo inayoshuka hadi redioni, na ncha za mwisho zifungwe kwa kamba ya nailoni kwenye minazi, miembe au milingoti. Waya wa shaba wa kawaida wafaa. Uanze mrefu kidogo, kisha upunguze; fundi cherehani anaelewa kwa nini. Mtu wa chumba cha kupanga azungumze kwanza na mwenye nyumba, tena kabla ya kupanda, si baada.

Ila tazama nyaya za umeme. Waya wa antena usipite juu ya nyaya za TANESCO wala chini yake, na ngazi au mlingoti wakati wa kusimamisha uwe mbali nazo kupita urefu wake wote, ili hata ukianguka usizifikie. Watu wa ridhaa katika nchi nyingi wameuawa kwa kosa hili hili, na aghalabu si peke yao, kwa kuwa msaidizi aliyeshika kamba ndiye mtoto au rafiki. Mvua ya radi ikitanda, ondoa kebo redioni, uitupe nje. Tena mama asiufanye waya huo kamba ya kuanikia, kwani mtambo ukirusha, ncha zake huunguza ngozi.

Gharama je? Mtambo wa wati 100 unakula amperi 20 hivi za betri ya volti 12 unaposema, kwa hiyo unahitaji betri nzito na mtambo wenyewe si bei ya mshahara mmoja. Lakini wapo wanaotumia wati 5 tu, kwa Morse au kwa kompyuta. Mwaka 2017 Joe Taylor, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, na mwenzake Steve Franke walitoa namna ya kompyuta iitwayo FT8, ambayo husikia ishara zilizozama ndani ya kelele. Kwangu haina utamu wa sauti ya mtu, ila kwa mtambo mdogo ni msaada mkubwa. Wati 5 huishi kwa betri ndogo na kipande cha sola; umeme ukikatika mtaani, wewe waendelea.

Siku ya kwanza ya kurusha, utaita CQ, maana yake nawaita wote, halafu alama yako. Kwa Morse Mtanzania ana bahati au balaa: 5 ni nukta tano, H ni nukta nne, basi jina lake huanza na nukta tisa mfululizo kama mvua juu ya bati, na wageni huzihesabu vibaya. Andika kila mazungumzo daftarini: tarehe, masafa, alama ya mwenzako, nguvu ya sauti yake, na saa ya dunia. Saa za Kiswahili husaidia hapo. Toka asubuhi hadi jioni ongeza 3: saa 3 asubuhi huandikwa 0600. Usiku ongeza 15: saa 3 usiku ni 1800, ukipita 24, toa 24. Baadaye hutumiana kadi zenye alama na picha za nchi. Mtoto anayepokea kadi hizo hujua ramani bila kuchapwa.

Na kwa watoto ambao miezi miwili ni mingi mno, kuna la kuanzia wiki hii hii, na halidai leseni kwa kuwa ni kusikiliza tu. Kituo cha Anga cha Kimataifa kina mtambo wa ridhaa, na wanaanga huzungumza na wanafunzi wa shule. Husikika kwenye megahezi 145.8 kwa kipokezi kidogo chenye antena fupi, mradi kituo kiwe juu ya anga lenu. Saa zake za kupita hupatikana mtandaoni. Tokeni uani mapema, maana kupita kwake juu ya kichwa ni dakika kumi hivi.