Shujaa wa Kukariri

Vituo vya tuisheni vya Dehradun, Chandigarh na Lucknow vinamnadia kijana wa Kihindi bidhaa ya ajabu: nafsi mpya, ya kuvaliwa siku ya usaili wa uafisa jeshini. Walimu wa vituo hivyo huimba wimbo mmoja, kwamba mtihani wa saikolojia una majibu yake na anayeyakariri ndiye anayepita. Kauli hiyo inaudhi, na inaudhi zaidi kwa kuwa wazazi wanailipia.

Usaili wenyewe huchukua siku 5 mbele ya bodi inayojulikana kwa herufi SSB. Ulizaliwa vitani: Waingereza walianzisha bodi za namna hii mwaka 1942, na mwaka uliofuata ya majaribio ikafunguliwa Dehradun. Leo kwa anayewania chuo cha kijeshi cha NDA, bodi hiyo ina alama 900, sawasawa na mtihani mzima wa maandishi. Hapo ndipo wafanyabiashara waliponusa pesa.

Mtahiniwa huoneshwa picha 12. Kila moja hukaa mbele yake sekunde 30, kisha ana dakika 4 za kuitungia hadithi. Ya mwisho ni nyeupe tupu. Yanafuata maneno 60, kila neno sekunde 15, halafu visa 60 kwa dakika 30. Nani awezaye kuigiza mtu mwingine kwa kasi hiyo bila kuteleza?

Tuisheni inajibu: kariri! Basi picha yoyote ile inazaa kijana wa kijijini anayeandaa kambi ya kuchangia damu, na kisa cha reli iliyong'olewa vyuma kinazaa msafiri anayepunga kitambaa chekundu mpaka treni isimame. Treni hiyo imesimama kwenye karatasi za watahiniwa mara nyingi kuliko kwenye stesheni zote za India. Hata ile picha nyeupe, iliyowekwa makusudi ili mtu atoe cha kwake, hujazwa hadithi ya mwalimu.

Watetezi wana hoja moja wanayoiona nzito: "Jirani yetu alisoma pale, akapita." Jogoo naye huwika, kukapambazuka.

Wasichoambiwa vijana ni kwamba watahini ni wa aina tatu. Mwanasaikolojia husoma maandishi, msaili huhoji, na ofisa wa tatu huwatazama vijana wakivusha magogo na mapipa uwanjani. Kila mmoja hupima peke yake, na siku ya tano hukaa pamoja kulinganisha. Shujaa aliyeokoa treni nzima kwenye karatasi, uwanjani ndiye anayeshika ncha ya gogo akisubiri kuambiwa la kufanya. Atakariri namna ya kubeba gogo pia?



Kituko kikubwa ni dakika 15 za mwisho za mtihani wa saikolojia, ambapo mtahiniwa huandika wazazi, walimu na rafiki zake wanamwonaje, na yeye anajionaje. Aya hiyo nayo inauzwa ikiwa tayari. Kijana analipa ada ili mtu asiyemfahamu amweleze mama yake mzazi anamwonaje.

Anayeanguka anaruhusiwa kujaribu tena, maadamu umri haujampita. Vituo vinalijua hilo vizuri: mteja aliyeanguka ana sababu ya kulipa mara ya pili.