Mwacheni Sungura Aibe Maji

Kila inapotoka filamu mpya ya Simba wa Disney, lalamiko lilelile hurudi kwenye simu zetu: Wamarekani wametuibia. Wamechukua majina, Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Wamechukua hata "hakuna matata", na mwaka 2003 wakaisajili kwao kuwa alama ya biashara ya fulana. Sibishi, ni ufidhuli. Ila lalamiko hili tumeligeuza blanketi: tukishalitoa, tunajifunika na kulala. Swali la aibu hatuliulizi. Kwa nini mtoto wa Nyarugusu, ambaye bibi yake ana hadithi kumi za fisi, anatoa sarafu yake kumtazama fisi wa California?

Nyarugusu, kwa asiyeijua, ni mji wa dhahabu wilayani Geita. Karasha zinasaga mawe kutwa, na mtu aliyetoka duarani hataki kuhubiriwa, anataka kucheka. Ndiyo maana mabanda ya video hayafi. Mabati, maturubai, mabenchi, na ubao wa chaki mlangoni. Jioni ni muvi za ngumi zilizotafsiriwa, ule ufundi ambao marehemu Lufufu aliutukuza Tanzania na DJ Afro akautukuza Kenya: sauti moja inayoigiza watu wote na kuongeza matusi yasiyokuwemo. Wikendi mchana wanaingia watoto, na watoto wanataka katuni za wanyama.

Nimekaa kwenye mabenchi hayo nikiwatazama wao badala ya skrini. Hawajali kama kisa ni kipya. Kisa cha The Lion King ya 1994 ni kikongwe: mtu anamuua kaka yake mfalme, mtoto wa marehemu anarudi kudai haki. Shakespeare alikitumia. Na Mjapani Osamu Tezuka alianza kumchora mwanasimba wake yatima mwaka 1950, hadi leo watu wanabishana kama Disney walichungulia. Benchi halina habari na ugomvi huo. Linacheka kwa sababu Pumbaa ananuka na kwa sababu nyusi za Scar zinasema uongo kabla ya mdomo wake. Filamu iliyorudiwa mwaka 2019, yenye simba wanaofanana na wa kwenye kamera pale Serengeti, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani, lakini niliwaona watoto wakitoka nje kucheza mpira kabla haijafika nusu. Simba wa kweli hana nyusi. Teknolojia ilikuwa mpya kabisa, uso haukuwepo.

Basi upya haupo kwenye kisa, wala haupo kwenye kompyuta. Bibi zetu walijua hilo. Chukua ile ya kisima, ambayo karibu kila kabila la ukanda huu linayo. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba. Anakatazwa maji, analetewa mlinzi. Anakuja na asali, anamlambisha mlinzi kidogo, anamwambia utamu wenyewe hauji mpaka ufungwe kamba. Mlinzi mzima, mwenye meno, anajifungisha. Sungura anakunywa, kisha anaoga humo humo. Kesho mlinzi mwingine, kamba ileile. Mwishowe Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kumnasa, na bado katika masimulizi mengi Sungura anachomoka.

Hakuna mtoto niliyewahi kumwona akishangilia wachimba kisima.

Sasa fungua hadithi hiyohiyo kwenye kitabu cha shule. Sungura amenaswa, amelia, ameomba msamaha, na chini pameandikwa funzo kuhusu uvivu. Tumemhasi. Na tunapotengeneza katuni, tunaanza na huyo aliyehasiwa. Kila fomu ya kuomba ufadhili niliyoishika ina swali lake: kazi hii inamfundisha mtoto nini? Hakuna fomu iliyoniuliza mtoto atachekea wapi.

Ubongo Kids siwarushii jiwe. Tangu 2014, kutoka Dar es Salaam, wamefanya mambo ambayo wizara zilishindwa: hesabu kwa Kiswahili, kwa nyimbo, na wanyama wenye vituko. Wanasema wazi kwamba kazi yao ni elimu. Kosa ni letu tuliobaki, tulioona jiko moja linapika uji wa shule tukaamua kwamba nchi nzima haina haja ya nyama. Na uwezo upo Afrika Mashariki hii hii. Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuonyeshwa BBC mwaka 2010, ilichukua michoro ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, yule wa Dar es Salaam, madoadoa na rangi za kuwaka, ikaiweka itembee. Haikufanana na kitu chochote kilichokuwa kwenye televisheni.

Nitaambiwa: unataka watoto wa machimboni wafundishwe wizi? Watoto hao wameona mzani wa mnunuzi ukipunguza dhahabu ya baba zao. Mtoto aliyekulia penye fensi na walinzi anajua kisima chenye mlinzi ni kitu gani, pengine kuliko aliyeandika mtaala. Anapomcheka mlinzi aliyejifungisha kamba kwa tamaa ya asali, hajifunzi kuiba. Anapumua.

Usukuma, jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Bagika na Bagalu wakishindana ngoma baada ya mavuno, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na hakimu ni watu. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Kwa hiyo huletwa chatu, huletwa nungunungu, huletwa hata fisi, na mwaka unaofuata lazima lije jingine, kwa sababu chatu wa mwaka jana watu wamekwisha kumwona. Hapo ndipo upya unapozaliwa: kwa hofu ya kuachwa uwanjani peke yako. Mwalimu mwenye chati ya mafunzo asingemaliza wimbo wa kwanza.

Mimi nina filamu ninayoitaka. Huku kwetu inasemwa kwamba wachawi husafiri usiku wakiwa wamepanda fisi. Imani ya uchawi si mchezo; imeua vikongwe wengi wa Shinyanga na Geita kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi. Nataka katuni ya fisi aliyechoka kusingiziwa. Hajawahi kubeba mtu, mgongo wenyewe umeteremka, nani atakaa pale? Anachotaka ni mbuzi mmoja tu wa mzee fulani, lakini kila akisogea boma linapiga yowe, mganga anaitwa, na fisi anasikiliza kutoka vichakani jinsi alivyoonekana jana Mwanza na Kahama kwa saa moja. Asijifunze lolote. Mwishoni ampate mbuzi.

Atakayeichora asiipeleke kwanza kwenye warsha hotelini. Ailete Nyarugusu Jumapili mchana, banda la pili likiwa limemweka Simba, kisha asimame katikati ya njia ahesabu ndala mlangoni.