Mbwa Anajikuna, Sisi Tunampaka Oili Chafu

Nimeadimika kidogo, testi zimetubana kweli, ila kuna jambo nimelibeba kichwani tangu nirudi chuoni kutoka likizo na leo lazima nilitoe. Ni habari ya mbwa. Najua washkaji wa bwenini wameshaanza kucheka. Chekeni tu, ila someni mpaka mwisho.

Kwetu ni Mazinde, Korogwe, pale barabara kuu ya kwenda Same na Moshi inapopita chini ya milima ya Usambara. Mbwa wa kwetu ni wale wadogo wa kienyeji. Halali ndani, jina lake pengine Simba hata kama kilo kumi hafikishi, usiku analinda mbuzi na mchana anafukuza ngedere kwenye mahindi. Siku akianza kujikuna mpaka damu, masikio yakakauka na manyoya yakanyonyoka, tiba zinazojulikana ni mbili: apakwe oili chafu ya gari, au aachwe ajifie.

Msimamo wangu ni huu: oili chafu si dawa, ni mateso juu ya mateso. Ile oili imetoka kwenye injini na ina mabaki ya madini yenye sumu. Unampaka kiumbe mwenye ngozi iliyochubuka, na kawaida ya mbwa ni kujilamba. Kwa hiyo sumu inaingia kwa ngozi na kwa mdomo. Mbwa akiwa mdogo ndio balaa zaidi, maana kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru. "Mbona wa fulani alipona?" Sawa, na wangapi walikufa wakatupwa porini bila mtu kuhesabu?

Tatizo letu ni kwamba kila mbwa anayejikuna tunasema ana upele, basi. Kumbe sababu ziko nyingi. Viroboto humsumbua zaidi kiunoni na karibu na mkia, na wengine mate ya kiroboto yenyewe huwaletea mzio, hivyo wachache tu wanatosha kumfanya asilale. Halafu kuna upele wenyewe, unaoletwa na utitiri unaochimba ndani ya ngozi. Huo hupenda kuanzia kingo za masikio, viwiko na tumbo, na mbwa hujikuna kama kichaa. Kuna utitiri wa aina nyingine ambao mtoto wa mbwa huupata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya. Huo hunyonyoa manyoya usoni na miguuni, mara nyingi bila kuwasha sana mwanzoni, na hauambukizi watu. Bado kuna kupe, fangasi na mzio wa chakula. Sasa dawa moja itatibuje vyote hivyo?

Wapo waliokwisha kuiacha oili, wanakwenda duka la dawa za mifugo. Hongera kwao, lakini napo pana shimo. Sindano ya ivermectini ya asilimia 1 inayotumika kwa ng'ombe hupimwa ml 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Mbwa wa kilo 5, kwa hesabu hiyohiyo, anafikia sehemu ya kumi tu ya ml 1. Anayekadiria kwa macho akamchoma ml 1 nzima amempa dozi mara kumi! Na mbwa wenye damu ya Collie dawa hii huwadhuru hata kwa kiasi ambacho wengine wanakihimili. Dawa yenyewe si mbaya. Ni ileile ambayo watu wa Tanga wamemezeshwa miaka mingi kupambana na usubi na matende. Ubaya uko kwenye vipimo, na mwenye kuvijua ni mtaalamu wa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye josho nayo ni hivyohivyo.

Najua hoja inayokuja: "Watu hawana hela za dawa zao, wewe unatuletea mbwa?" Ndugu zangu, hapa watu wamo. Upele wa mbwa humrukia mtoto anayemshika, akatoka vipele vinavyowasha, ingawa kwa kawaida huisha mbwa akitibiwa. Na kuhusu viroboto, sisi wa Usambara hatuhitaji kuhubiriwa: tauni ilizuka wilaya ya Lushoto mwaka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Wale walikuwa viroboto wa panya, si wa mbwa, lakini somo ni lilelile kwamba wadudu wa mnyama hawakai kwa mnyama peke yake.

Tena mambo mengine hayahitaji hela. Mayai ya kiroboto huangukia pale mbwa anapolala, kwa hiyo ukimwogesha bila kushughulikia malazi umefanya kazi bure. Choma gunia lake la zamani, mpe jingine, fagia pale kila siku, toa kupe kwa mkono.

Wengine husema mbwa ni najisi. Sawa, kunawa kupo, lakini ukatili haumo. Hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji kwa kiatu chake wengi tumeisikia madrasa. Na sheria ya nchi ipo pia, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Pendekezo langu ni dogo. Mbwa wengi wa vijijini hukutana na mtaalamu siku moja tu, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Basi siku hiyo, kabla au baada ya sindano, aangaliwe na masikio na tumbo, mwenye mbwa aambiwe ni kiroboto au ni utitiri, na dozi ipimwe kwa kilo. Halmashauri ikipanga kampeni ya chanjo, ipange na hilo. Na sisi tunaokwenda kuwa walimu vijijini, tuseme darasani bila aibu kwamba oili chafu ni ya kutunzwa mbali na ngozi ya kiumbe yeyote.

Nawasilisha.